Mazoezi ya Mwisho

Kumsifu marehemu ni kazi nyepesi. Hawezi kukanusha sifa anazopewa, wala hawezi kuona haya. Kumhakiki marehemu ni kazi nzito, maana hawezi kujitetea. Leo, msomaji wangu, nataka tushirikiane katika kazi hiyo nzito. Nayo ni kuhakiki sinema ya mwimbaji ambaye alikuwa amekwisha kuzikwa siku sinema yake ilipofunguliwa. Usiogope. Sitakuomba umchukie mtu, wala sitakuomba umwabudu. Nitakuomba utumie macho yako, na baada ya macho, dhamiri yako.

Sinema yenyewe yaitwa This Is It, na mwimbaji ni Michael Jackson wa Marekani. Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1958 katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, akaanza kuimba mbele ya watu pamoja na ndugu zake angali mtoto mdogo. Albamu yake ya mwaka 1982, Thriller, ni miongoni mwa zilizouzwa kwa wingi kabisa duniani. Mwezi wa Machi 2009 alisimama mbele ya watu London, akatangaza maonyesho ambayo, alisema, yangekuwa yake ya mwisho katika mji ule. Kwanza yaliahidiwa maonyesho 10. Tiketi zikagombaniwa, hesabu ikapandishwa hata 50. Yalikuwa yaanze mwezi wa Julai. Tarehe 25 Juni 2009, akiwa na umri wa miaka 50, alikufa Los Angeles, mji ule ule alimokuwa akifanya mazoezi. Katika maonyesho yale 50 hakuna hata moja lililofanyika.

Lakini wakati wa mazoezi kamera zilikuwa zikifanya kazi, na picha zilizobaki zilizidi saa 100. Kenny Ortega, aliyekuwa akiongoza onyesho lenyewe pamoja na Jackson, akawa ndiye mwongozaji wa sinema. Tarehe 28 Oktoba 2009, miezi minne tu baada ya kifo, sinema isiyofika saa mbili ikafunguliwa katika nchi nyingi, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 250. Weka mambo hayo akilini: saa 100 zimekuwa chini ya saa mbili, na aliyeshika makasi ni yule yule aliyekuwapo jukwaani. Tutayarudia.

Huenda ukauliza: Yatuhusu nini haya, sisi tulio katika vilima vya Kisii na Nyamira, baina ya migomba na mashamba ya chai? Yatuhusu zaidi ya unavyodhani. Wimbo wa kwanza katika sinema hiyo ni ule ambao kibwagizo chake kilitokana na Soul Makossa, wimbo wa mwaka 1972 wa Manu Dibango wa Kamerun. Katika wimbo mwingine wa Jackson, Liberian Girl wa mwaka 1987, husikika maneno ya Kiswahili yaliyosemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Waliberia, kama ujuavyo, hawasemi Kiswahili. Hilo ni kosa la jiografia, lakini ni kosa lililotuletea heshima. Na mwaka 1992 mwimbaji huyo alifika Dar es Salaam. Nami nakumbuka asubuhi ile ya Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009, habari za kifo chake zilipotufikia kwa redio. Nilikuwa kijana niliyetoka shule ya sekondari karibuni. Katika matatu ya kutoka Kisii kwenda Nyamira dereva alipiga nyimbo zake njia nzima, na hata mzee mmoja aliyebeba kuku hakumwambia apunguze sauti.

Muhula uliopita niliwaonyesha wanachuo wangu sinema hiyo. Wao wanasomea ualimu, na nilitaka wajifunze kuifundisha picha kama wanavyofundishwa kulifundisha shairi. Ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Tulitundika shuka nyeupe katika bwalo la chakula, tukayaziba madirisha kwa mablanketi. Kama ilivyo desturi ya milima yetu, mvua ilianza kunyesha kama saa tisa, na bati likapiga kelele hata mara mbili ikatupasa kusimamisha picha tusubiri. Hakuna aliyeondoka.

Mwanzo wa sinema wanatokea vijana wacheza dansi waliochaguliwa kuingia katika onyesho. Wanasema mbele ya kamera jinsi walivyoitamani nafasi hiyo, na wengine machozi yanawalenga. Kisha nyimbo zafuatana, moja baada ya moja, takriban kama ambavyo zingefuatana London. Lakini ukumbi ni mtupu. Viti havina watu. Anaimba mtu ambaye ulimwengu mzima ulimngojea, na wanaomsikiliza ni mafundi wa taa, wapiga ala na wacheza dansi wenzake. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kwanza ya sinema hii. Mwimbaji mbele ya umati huvaa sura ya umati. Mwimbaji katika ukumbi mtupu hubaki na kazi yake.

Na kazi ndiyo tunayoiona. Wimbo wa The Way You Make Me Feel unapigwa, nao haujamridhisha. Noti zote ni sahihi, lakini zinafika mapema mno. Jackson anamwendea mpiga kinanda, wala hamkemei. Anachukua mfano wa jikoni: anamwambia kwamba wimbo haujaachwa uchemke polepole. Mama yeyote wa kwetu aliyepika chinsaga atamwelewa mara moja, kwa kuwa mboga ile ukiipakua mapema utakula uchungu. Wanarudia. Wanarudia tena. Kimya kati ya noti na noti kinarefushwa kidogo tu, na ghafla wimbo ule ule unakuwa mwingine. Nilisimamisha picha nikawauliza wanachuo: Ni nini kilichoongezwa? Mmoja akajibu: Hakuna kilichoongezwa, Mwalimu, kimeondolewa haraka. Sijapata kusikia jibu bora zaidi juu ya muziki.

Mahali pengine anaimba nyimbo za utotoni, zile alizoziimba na ndugu zake, na katikati anaacha kuimba. Kidude cha kusikilizia kilichotiwa sikioni mwake kinamsumbua, kama kwamba mtu anamsukumia ngumi ndani ya sikio. Alizoea kusikia kwa masikio matupu, asema, na anajitahidi kuzoea. Lakini tazama anavyolalamika: kwa sauti ya chini, na kuwahakikishia mafundi kwamba anayasema hayo kwa upendo. Mahali pengine tena anasimama na Orianthi, msichana wa Australia mpiga gita, na kumhimiza apande juu, apande zaidi, kwa kuwa hapo ndipo penye zamu yake ya kung'aa. Bwana mkubwa wa jukwaa anajiweka kando ili mwenzake aonekane. Wako walimu wengi, nami nimo, wanaohitaji kuitazama sehemu hiyo mara mbili.

Kisha kuna wimbo wa watu wawili, anaouimba na Judith Hill. Anaanza kwa sauti ndogo, ya kuweka akiba. Wimbo unamchukua, sauti inapanda, anaimba kama mtu aliyesahau kwamba ni mazoezi. Wenzake walio chini ya jukwaa wanashangilia. Hapo anawasihi wasimfanye aimbe kwa sauti yake yote, maana inampasa kulitunza koo lake. Wao wanazidi kushangilia. Wanachuo wangu walicheka, nami nilicheka. Likumbuke tukio hilo, msomaji, maana nitakurudisha kwake, na safari hiyo hatutacheka.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya Billie Jean. Anacheza peke yake. Mavazi ya onyesho hayapo, na vijana wacheza dansi wamesimama chini ya jukwaa wakimtazama. Hao ni wachezaji hodari waliochaguliwa miongoni mwa wengi, lakini wanapiga kelele kama watoto walioona treni kwa mara ya kwanza. Mguu unateleza, bega linajibu, kichwa kinageuka, na mwili unanyamaza. Anafanya nusu tu ya anachoweza, na nusu hiyo yatosha. Kama sinema ingekuwa na dakika hizo peke yake, ingestahili kuhifadhiwa. Sanaa iliyokamilika huficha jasho lake, kama nyumba iliyopigwa lipu ifichavyo fito na udongo. Mazoezi hukuonyesha fito. Kijana anayedhani kwamba kipaji ni mvua inayomwangukia mtu aliyelala ataondoka hapo amepona ugonjwa huo.

Nina sababu yangu ya kuyapenda mazoezi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mpiga obokano, ile ala yetu kubwa ya nyuzi nane, ambayo sauti yake nzito huunguruma kama nyuki ndani ya mzinga. Alipiga arusini na kwenye sherehe za pande zote mbili, Kisii na Nyamira. Alipofariki, picha pekee ya kusonga tuliyokuwa nayo ni ile niliyoipiga mimi kwa simu, ya dakika nne hivi. Wala hapigi wimbo ndani yake. Ameketi juu ya kigoda, anakaza uzi, anasikiliza, anatikisa kichwa, anakaza tena. Wageni wakiiona husema ni hasara. Mimi huona kwamba mjomba mzima yumo katika kule kutikisa kichwa.

Sasa turudi bwaloni. Sinema ilipokwisha mvua ilikuwa imekatika, na wanachuo wakapiga makofi. Kisha msichana mmoja, ambaye wakati wa mambo hayo alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne, akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyu alikufa na nini?"

Watu wote wakanyamaza. Tulikuwa tumekaa karibu saa mbili na mtu aliyebakiwa na siku za kuhesabu kwa vidole, na sinema haikutupa hata dalili moja. Tumemwona akiruka, akielekeza, akitania, akiwashika wenzake mikono katika duara na kuwahimiza. Kama ungefika kutoka nchi isiyo na habari, ungetoka ukiuliza tamasha litakuwa lini.

Nilimjibu kwa niliyoyajua, ambayo hayamo katika sinema bali katika habari za mahakama. Alikufa kwa dawa iitwayo propofol, ambayo madaktari humlaza nayo mgonjwa wakati wa kupasuliwa. Alikuwa akipewa nyumbani kwake apate usingizi. Daktari wake, Conrad Murray, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwezi wa Novemba 2011, akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Katika kesi hiyo Ortega alitoa ushahidi. Akaeleza kwamba tarehe 19 Juni 2009, siku 6 kabla ya kifo, Jackson alifika mazoezini akisikia baridi, naye ni kama mtu aliyepotewa na njia. Kwamba alimfunika blanketi na kumpa chakula. Na kwamba jioni ile hakufanya mazoezi. Akaeleza pia kwamba tarehe 23 na 24 alirudi akiwa na nguvu na furaha. Hayo yote mawili ni ya kweli kwa ushahidi wa mtu mmoja. Sinema imechukua la pili na kuliacha la kwanza.

Ili kufahamu maana ya kuacha huko, twende Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, kwa mafundi wa jiwe laini. Fundi huchukua bonge la jiwe, hulichonga kwa panga na kisu, hulisugua kwa msasa na maji, mwisho hulipaka nta likang'aa. Akichonga kiboko, huondoa kila kisichokuwa kiboko. Vumbi jeupe huanguka miguuni pake, na hakuna mnunuzi anayeuliza habari za vumbi. Mtengeneza sinema naye ni mchongaji. Zile saa 100 na zaidi ni bonge lake, na zilizoanguka chini ni nyingi kuliko zilizobaki. Hatuwezi kumlaumu kwa kuchonga. Asiyechonga hana sanaa. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Vumbi la Tabaka halikuwa likiumwa. Kilichoanguka chini katika sinema hii ni pamoja na siku za mtu aliye hai.

Mtetezi wa sinema atasimama aseme: Marehemu ana watoto, ana mama, kaburi lake lilikuwa bado bichi. Je, ungetaka waonyeshwe baba yao akitetemeka ndani ya blanketi? Jibu langu ni la hasha, nisingetaka. Kuna picha ambazo hazistahili kupigwa, na zikipigwa hazistahili kuonyeshwa. Atasema tena: Jackson alipenda watu waone kilichokamilika tu, hivyo hata mazoezi haya yamemfunua kuliko alivyopenda. Hilo nalo ni kweli, na ni zito. Tena ziko habari nyingine ambazo sinema imezinyamazia. Jackson alishtakiwa kwa makosa mazito juu ya mtoto, na mwaka 2005 mahakama ikamwona hana hatia. Baada ya kufa kwake, mwaka 2019, sinema nyingine ilileta madai ya watu wengine wawili, na familia yake ikayakanusha. Sinema ya mazoezi ya nyimbo haikupaswa kuwa mahakama ya mambo hayo. Wajibu wake ulikuwa juu ya miezi ile michache iliyojitwika kuisimulia.

Na katika miezi hiyo ndimo lilimo lawama langu. Sisemi kwamba sinema imemsitiri marehemu mno. Nasema kwamba chini ya nguo ya marehemu wamesitiriwa walio hai. Fikiri ni nani waliokuwa na mkono katika kazi hii: mwongozaji wa onyesho, watu wa kampuni iliyoandaa maonyesho, na wasimamizi wa mali ya marehemu. Mwaka 2013, katika kesi ya fidia iliyoletwa na familia, jopo la raia lilikata shauri kwamba kampuni hiyo haikupaswa kulipa, nami sina haki ya kuwahukumu watu ambao mahakama imewaachilia. Lakini swali la mhakiki si swali la hakimu. Hakimu huuliza: Nani ana hatia? Mhakiki huuliza: Nani anasimulia, na kwa nini mahali hapa ameshusha pazia? Sinema imetuambia kwamba kila mtu katika ukumbi ule alimpenda Jackson. Naamini walimpenda. Ambalo halikuulizwa ni hili: Je, kupenda kwao kulijua kusema, Pumzika?

Sasa nakurudisha kwenye wimbo ule wa watu wawili, kama nilivyokuahidi. Mtu wa miaka 50, mwenye maonyesho 50 mbele yake, anawaomba wenzake wasimfanye atumie sauti yake yote. Nao, kwa upendo na kwa furaha, wanamshangilia atumie zaidi. Sinema imeliweka tukio hilo kama mzaha mtamu, na mara ya kwanza ni mzaha mtamu. Ukiisha kujua yaliyofuata, ni tukio la kuhuzunisha kuliko yote yaliyomo. Hakuna mtu mbaya ndani yake. Kuna watu wazuri tu, wanaotaka wimbo mmoja zaidi. Makasi hayakuweza kuikata kweli yote. Sehemu yake ilijificha ndani ya kicheko, ikapita.

Nimeandika maneno hayo makali, na haki inanilazimu niseme ninavyoyajua. Mjomba wangu alipofariki, niliombwa mimi kuandika wasifu wake, maana ndiye mwalimu wa Kiswahili katika jamaa. Unajua jinsi mazishi yetu yalivyo: mahema uani, vipaza sauti, kijitabu chenye picha ya marehemu, na mtu mmoja wa kusoma. Niliandika kwamba alipiga obokano kwa furaha hadi siku zake za mwisho. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali, na wengine walilia. Sikuandika kwamba katika mwaka wake wa mwisho alikuwa akishika kifua kila amalizapo wimbo. Sikuandika kwamba mara mbili aliniambia amechoka, na kwamba mara zote mbili tulikuwa tumekwisha kupokea malipo ya awali ya arusi, nami nikamwendea kwa pikipiki asubuhi nikamwambia, Mjomba, ni hii moja tu. Nilipouacha ukweli huo nilijiambia kwamba namheshimu marehemu. Ni mwaka mzima baadaye, katika bwalo lenye giza, mbele ya watu wanaomshangilia mtu anayeomba kutunza koo lake, nilipofahamu kwamba niliyemheshimu ni mimi.

Kwa hiyo unapoisoma hukumu yangu juu ya sinema hii, jua kwamba inatoka kwa mshitakiwa mwenzake.

Ipo njia nyingine ya kumwonyesha mwimbaji, na mfano wake uko karibu nasi. Mwaka 2006 Andy Jones alitoa sinema juu ya Bi Kidude wa Unguja, jina lake Fatuma binti Baraka, iitwayo As Old as My Tongue. Bi Kidude alikuwa bado yu hai. Alikufa tarehe 17 Aprili 2013, mwenye umri mkubwa ambao watu hawakuacha kubishania hesabu yake. Katika sinema hiyo hakusafishwa kwa nta. Sigara yake ipo, ngoma yake ipo, na ubishi wa watu juu ya maisha yake upo. Sisemi kwamba sinema hiyo haina makasi. Kila sinema inayo. Lakini ukiitazama leo, baada ya yeye kuondoka, humwoni malaika. Unamwona bibi mmoja mwenye sauti nzito na mapenzi yake mwenyewe, na heshima yako kwake haipungui hata chembe. Hilo lanionyesha kwamba marehemu anaweza kuubeba ukweli. Mara nyingi sisi tuliobaki ndio tusioweza.

Nitoe basi hukumu yangu waziwazi, kwa kuwa mhakiki asiyehukumu ni mpiga soga. This Is It ni somo bora la kazi: jinsi wimbo unavyosikilizwa, unavyosahihishwa, na jinsi mkubwa anavyoweza kumwelekeza mdogo bila kumdhalilisha. Kwa hayo ningependa kila mwanafunzi wa muziki, na kila mwanafunzi wa ualimu, aitazame. Kama simulizi ya siku za mwisho za mtu, ina upungufu mkubwa. Hata kadi moja ya maandishi mwishoni, yenye kusema kwamba kati ya siku hizi za furaha zilikuwapo siku ambazo hakufanya mazoezi, ingetosha. Isingemvunjia heshima. Ingewafundisha vijana wanaomwiga kwamba mwili ule uliotuduwaza ulikuwa mwili tu, wenye kuchoka na wenye kukosa usingizi.

Nawe, msomaji, utakapoitazama picha yoyote ya mtu aliyekufa, iwe ya ukumbi wa Los Angeles au ya mazishi ya jirani yako iliyopigwa kwa kamera ya kukodi, jizoeze kuuliza maswali matatu. La kwanza: Ni nani aliyechagua picha hizi, na alikuwa nani kwa marehemu? La pili: Ni kitu gani kimeanguka chini? La tatu, nalo ndilo gumu: Kilichofichwa kimefichwa kwa faida ya nani? Usiulize kwa ukali wala kwa kutafuta aibu za watu. Uliza kama mtu anayejua kwamba siku moja naye ataandikiwa wasifu, na kabla ya siku hiyo ataandika wasifu wa wengine.

Kile kijitabu cha mjomba nakala zake chache zimebaki nyumbani kwa mama, ndani ya sanduku pamoja na picha. Likizo iliyopita nilikwenda nikaongeza ukurasa mmoja kwa mkono, nikaandika habari za kifua chake, za pikipiki, na za maneno yale niliyomwambia. Mama alisoma, akakaa kimya kitambo, akaniambia niandike na jambo jingine: kwamba asubuhi ile ya mwisho, kabla hatujaondoka, mjomba alikaza nyuzi zote nane upya, ingawa hazikuwa zimelegea. Nimeliandika.